Nguruwe Ambao Sikuwahi Kuwafuga

Ni mimi niliyeulisha mto. Nimelikana jambo hili kwa miaka miwili, mbele ya watu wazima wenye akili zao, na mara moja mbele ya padri ambaye wala hakuwa ameniuliza. Nililikana kwa binamu yangu, kwa mjomba wangu, na kwa mama muuza malwa, ile pombe yetu ya ulezi. Mbaya zaidi, nililikana kwa maandishi. Niliandika makala ya kurasa nne katika jarida moja kuhusu mto unaojiponya wenyewe bila msaada wa mkono wa binadamu, na nilipokuwa nikiiandika mkono wangu ulikuwa bado unanuka machicha. Makala ile ilisifiwa. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniandikia kwamba aliwasomea wanafunzi wake. Sikumjibu.

Machicha ninayosema ni yale mabaki ya ulezi yanayobaki kwenye mtungi wa malwa wanywaji wakishanyonya kwa mirija yao mirefu na kuongeza maji ya moto mpaka mtungi hauna tena la kusema. Kwetu hayatupwi. Nguruwe huyapenda, na kuku huyapenda wakaanza kutembea upande upande. Na samaki pia, ila juu ya samaki kuna sheria.

Daraja letu ni zege la njia moja juu ya mto unaotenganisha nchi mbili, mahali ambapo mto umeshaanza kulegea kwa sababu ziwa haliko mbali. Ukisimama katikati, simu inakukaribisha Kenya. Ukisogea kupiga chafya, inakukaribisha Uganda. Julai na Agosti huwa baridi hapo alfajiri. Najua wapo wasomaji wa Limuru na Njombe watakaocheka nikiita ile baridi, lakini sisi tunavaa masweta mawili, na mto, ambao ni wa joto kuliko hewa, hufuka kama sufuria ya uji. Hapo ndipo wavuvi wa darajani huja, kila mmoja na uzi wake uliozungushwa kwenye chupa. Uzi hupitishwa juu ya spoki ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo ya ukingo, na kwenye spoki huning'inizwa vizibo vitatu vya soda. Samaki akigusa, vizibo vinalia.

Kila nguzo ina mwenyewe. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na nguzo ya saba tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi. Nguzo ya nane ilikuwa ya mama muuza malwa, mwanamke aliyezaliwa upande wa Kenya akaolewa upande wetu, ambaye alivua asubuhi na kuuza jioni na kusema muda wote. Nguzo ya tisa ilikuwa ya rafiki wa mjomba, mpaka mwanawe alipomchukua kwenda kuishi naye Jinja. Mzee yule hakumaliza mwaka huko. Alirudishwa kwenye sanduku, na mjomba akanipa mimi nguzo ya tisa, akisema ni vibaya ikae tupu.

Sheria za daraja ni tatu. Mtu ana ndoano moja tu. Samaki hatangazwi mpaka mwili wake uguse zege, kwa hiyo hata ukivuta mamba unavuta kimya kimya kama mwizi. Na ya tatu, ambayo mjomba alinifundisha siku ya kwanza, ni kwamba mto haulishwi.

"Ukilisha mto, samaki nasimama mahali moja kama watu ya harusi," aliniambia kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Wewe nashiba, wengine nalala njaa. Na ile inapanda kwenda kuzaa, nasahau safari yake."

Nilisema nimeelewa. Nina shahada mbili. Nilielewa kabisa.

Nilichokuwa sielewi ni kwa nini sipati samaki. Kwa misimu mitatu ya baridi niliendesha gari kutoka Tororo kila wikendi, na nyakati za likizo kila siku, nikasimama kwenye nguzo ya tisa na vifaa bora kuliko vya mtu yeyote pale. Jumla ya mavuno yangu ilikuwa kambare watatu wa kutia huruma, ndala moja ya mguu wa kushoto, na mafua. Mama muuza malwa aliniita Profesa, cheo ambacho hakuna chuo kimewahi kunipa.

"Profesa," angesema, simu ikiwa imebanwa kati ya bega na sikio, huku akivuta kambare wa pili kwa mkono mmoja, "hebu wasomee. Labda wanangoja utangulizi."

Ndoo ya kwanza ilitokana na aibu, na ningependa iandikwe hivyo, kwa sababu baadaye nilipata sababu nzuri zaidi na nikaanza kuitumia kama vile ndiyo iliyotangulia. Jioni moja ya Julai nilikwenda kwa mama yule nikamwomba machicha.

"Ya nini?"

"Ya nguruwe."

"Kumbe unafuga nguruwe, Profesa? Wangapi?"

"Wanne," nikasema. Mpaka leo sijui kwa nini wanne.

Nilibeba ndoo mpaka kwenye kona ya mto, hatua kama mia mbili juu ya daraja, nyuma ya matete ambapo hakuna anayepita. Nikamwaga. Maji yakachukua ile rangi ya kahawia, yakaivuta polepole kuelekea nguzo ya tisa. Nilisimama pale nikihisi kama mwanafunzi aliyeona karatasi ya mtihani kabla ya siku yake. Kesho yake sikupata kitu. Wizi wangu wa kwanza, na nikaufeli.

Hapo ndipo binamu yangu alipoleta habari yake.

Binamu ni binti pekee wa mjomba, muuguzi mjini Tororo, mwanamke wa maneno machache na viatu visivyo na sauti. Mwaka uliokuwa umepita, baba yake aliteleza kwenye njia ya mtoni akalala kwenye umande mpaka jua lilipotoka, kwa sababu presha yake ilikuwa imepanda na miguu imekataa kusimama. Tangu siku hiyo binamu alikuwa na neno moja tu, kwamba baba ahamie kwake. Mjomba naye alikuwa na jibu moja, kwamba anangoja ningu.

Lazima nieleze ningu. Ni samaki wa ziwani anayepanda mito kuzaa, mwenye midomo minene iliyogeukia chini kama mtu aliyenuniwa akanuna pia, na miiba mingi kiasi kwamba wageni wakimla huacha kuzungumza. Mjomba alipokuwa mtoto, ningu walikuja kwa wingi, wanawake wakawazoa kwa vikapu. Kisha wakapungua, kisha wakakoma. Miaka mingi hakuna aliyemwona hata mmoja pale darajani, ila kila mwaka maji ya Agosti yakianza kugeuka rangi mjomba alisema mwaka huu wanakuja, na kila mtu alisema ndiyo, mzee, kama unavyomjibu mtu anayekuambia mvua ya zamani ilikuwa na matone makubwa.

Basi binamu akatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la familia, tukaisikia wote, kuanzia shangazi wa Masinya mpaka vijana wa Nairobi.

"Baba, tukubaliane mbele ya watu. Ningu kumi. Si kambare, si ngege. Ningu kumi juu ya lile daraja, wavuliwe na yeyote, kabla shule hazijafunguliwa muhula wa tatu. Wakifika, sitakuuliza tena mpaka mwaka kesho. Wasipofika, unakuja Tororo. Chumba kiko tayari."

Jibu la mjomba lilikuwa la dakika moja, sehemu kubwa ikiwa ni jogoo. Mwishoni ilisikika sauti yake: "Sawa. Nimesikia. Ningu itakuja."

Nilicheka. Kisha nikaitazama nguzo ya tisa, nikamkumbuka mwenye nayo na safari yake ya Jinja, na sikucheka tena. Mjomba hakuwa akicheza. Alikuwa ameweka maisha yake yote, ile njia ya umande na vile vizibo vitatu, juu ya samaki ambao hawapo.

Kwa hiyo nilirudi kwa mama muuza malwa na ndoo mbili.

"Nguruwe wanakula sana," nikamwambia.

"Wanne tu?"

"Mmoja amezaa."

Kwa wiki tatu nilimwaga machicha kila jioni saa kumi, watu wakiwa wametawanyika. Nguruwe wangu waliongezeka kwa kasi ya ajabu. Mama muuza malwa aliwaulizia kwa upendo, na nikajikuta nakumbuka tabia zao. Palikuwa na jike mkorofi aliyepindua birika, na mtoto mmoja dhaifu ambaye nilimnywesha maziwa kwa chupa. Siku moja nilipokuwa nimechoka nilisema yule dhaifu amekufa, na mama yule akaacha kuosha mitungi akanipa pole ya kweli. Nilirudi kwenye gari nikiwa na majonzi.

Asubuhi ya ningu wa kwanza sitaisahau. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa milimani, maji yamepanda shubiri moja na kuwa mekundu. Tulikuwa watu kama kumi na mbili darajani, tumejikunyata. Vizibo vya mjomba vikalia mara moja, kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa mkwe. Mjomba hakuvuta. Aliweka vidole viwili juu ya uzi na kufumba macho. Vikalia tena. Akavuta.

Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa sheria ni sheria, lakini daraja zima lilijua. Uzi ulikwenda kushoto, ukarudi, ukaingia chini ya daraja kana kwamba unakimbilia Kenya. Mjomba aliufuata akipita mbele ya tumbo la kila mmoja wetu, nasi tukainama na kuinuka kama waumini. Mama muuza malwa alikata simu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikata simu. Kisha kitu cha rangi ya fedha na zeituni kikapita juu ya ukingo kikaanguka kwenye zege, mdomo wake umegeukia chini, umenuna.

Mjomba alipiga magoti. Alimshika yule samaki kwa mikono miwili, akamgeuza, akamtazama midomo. Kisha akamtangaza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ningu."

Sijui nani alianza kupiga kelele. Nadhani ni mimi. Katika saa moja walipanda wengine watatu, na wa nne alikuwa kwenye uzi wangu. Wangu mimi, wa nguzo ya tisa. Nilimvuta vibaya, nikajikata kidole, nikamwangukia kwa kifua asirudi majini, na nikasimama sweta limejaa magamba nikiwa na furaha ya kijinga kabisa, furaha ambayo shahada zote mbili hazikuwahi kunipa. Kwa siku mbili nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimewaalika wale samaki. Nilidhani nimewavua.

Walifika kumi siku ya tatu, wakapita. Watu walikuja kutoka pande zote mbili kutazama. Mzee mmoja alitoka kijiji cha Kwapa kwa bodaboda kuja kumshika mmoja tu na kwenda zake. Binamu naye alikuja, akawahesabu kwenye beseni, mmoja mmoja, akigeuza midomo yao. Kisha akanyoosha mgongo akamwambia baba yake, "Umeshinda, baba," na mjomba akamshika kichwa kama mtoto.

Binamu aliponisaidia kupeleka beseni kwenye gari langu, nilifungua buti bila kufikiri. Harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa.

"Dada," binamu akasema, "hii ni nini?"

"Machicha. Ya nguruwe."

"Nguruwe gani?"

"Nimeanza kufuga."

"Kwako kule? Kwenye ghorofa?"

"Kwa rafiki," nikasema. "Huko Paya."

Alinitazama kwa muda ambao muuguzi humtazama mgonjwa anayedai amemeza dawa. Alifunga buti kwa upole, na upole ule ulinisumbua mwaka mzima.

Nilianza kukana hapo, na sikuacha. Mwaka uliofuata agano likarudiwa, ndoo zikarudiwa, ningu wakarudi. Mjomba alikuwa mtu mpya. Alinenepa kidogo. Watu walimwita nabii, na alijifanya hapendi. Nami nikaandika ile makala. Nikimwona ameshika fimbo yake akishuka ile njia yenye umande, moyo ulinicheza pande mbili. Akianguka, nilijiambia, nitakuwa nimemwangusha kwa ndoo. Lakini akihamishwa kwa kukosa ndoo, je? Jambo la ajabu ni kwamba chini ya hofu hiyo yote kulikuwa na kiburi kidogo kimejikunja kama paka. Samaki waliokuwa wamepotea kwa miaka wamerudi, na mimi peke yangu najua ni kazi ya nani.

Mwaka huu, katikati ya Agosti, nilibeba ndoo ya kwanza ya msimu kuelekea kwenye kona. Matope yalikuwa mabichi. Nilikanyaga mahali ambapo nilikanyaga mara nyingi, na mguu ukaenda na njia yake. Nilisikia kifundo kikisema *tak*. Ndoo ilibingirika, machicha yakamwagika yote ukingoni, mbali na maji, na bata wa jirani wakafika kabla sijamaliza kulia.

Aliyenikuta ni mama muuza malwa. Alinitazama, akaitazama ndoo, akawatazama bata, ambao walikuwa wameanza kutembea kwa mashaka.

"Pole, Profesa. Siku hizi nguruwe wanaletewa chakula huku mtoni?"

"Nilikuwa napita."

"Ndiyo, naona," akasema, akanipakia kwenye bodaboda kama gunia.

Mguu ulifungwa plasta Tororo, na binamu akasema nisirudi kwenye ghorofa yangu yenye ngazi. Nitakaa kwake. Hivyo ndivyo nilivyolazwa kwenye chumba cha mjomba.

Sikuwahi kukiona kabla ya hapo. Nilikuwa nimekifikiria kama jela yenye vigae. Kitanda kilikuwa kimekatwa miguu ili mtu mzima aweze kushuka bila kuruka. Bafuni kulikuwa na chuma cha kushika. Dirisha lilitazama mwamba wa Tororo, kiti kimewekwa pale. Na ukutani, kwenye msumari, palikuwa na uzi mpya wa kuvulia uliozungushwa kwenye chupa, ndoano bado iko ndani ya karatasi yake, na chini yake spoki ya baiskeli yenye vizibo vitatu. Maji ya karibu zaidi na chumba kile ni ya bomba la jikoni.

Nililala nikitazama vile vizibo kwa siku tisa. Mjomba alituma sauti kwenye kundi kila jioni. Maji bado. Maji bado meupe. Leo kambare mmoja. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, hakuna aliyemwaga hata kiganja, na mimi peke yangu nilijua kwa nini mto uko kimya. Siku ya kumi, binamu alipokuwa ananiwekea mto chini ya mguu, nilishindwa.

"Mimi sina nguruwe," nikasema.

"Najua."

"Sijawahi kuwa nao. Yale machicha nilikuwa namwaga mtoni. Mwaka jana na mwaka juzi. Ningu wale walikuja kwa sababu yangu."

Mikono yake ilisimama. Kumbe alichokuwa anajua ni kwamba sina nguruwe. Alidhani natengeneza pombe haramu. Aliketi kwenye kile kiti cha dirishani, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyochoka.

"Miaka miwili," akasema, "nalala na simu kifuani. Ikilia tu najua ni baba, ameanguka, na hakuna mtu. Miaka miwili, dada. Kwa sababu ya makapi ya pombe?"

"Nilidhani namsaidia."

"Na samaki uliyemvua wewe, yule uliyempiga picha ukaweka kila mahali? Huyo naye ulikuwa unamsaidia baba?"

Ana akili kuliko mimi, na hajaandika hata makala moja.

"Zimebaki siku tano," akasema baadaye, sauti yake imetulia tena kama viatu vyake. "Hakuna mtu atakayemwaga kitu. Wakija, wamekuja wenyewe. Wasipokuja, Jumapili namfuata baba na gari, na wewe utakaa mbele, na plasta yako, umweleze mwenyewe sababu."

Siku nne zilipita. Nilizoea kuamka nikisikiliza bati, kama kuna mvua. Alhamisi ilinyesha usiku kucha, mvua ya kweli, na Ijumaa mjomba akatuma sauti fupi: "Maji imegeuka." Ijumaa hiyo binamu alifua mashuka mengine, akayaanika, akayapiga pasi. Nilipanga hotuba ya gari. Niliiongezea nukta na mkato lakini haikunipunguzia aibu. Ilianza na neno Mjomba na kila mara ikaishia hapo.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, simu ya binamu ikalia. Alikuwa ananimiminia chai. Aliitazama kama alivyoitazama kwa miaka miwili, rangi ikamtoka, akaipokea na kuweka sauti wazi kwa sababu mkono mwingine ulikuwa na birika.

"Baba? Baba, uko salama?"

Kwanza ilisikika pumzi tu. Kisha ikaja sauti ya mjomba, akinong'ona, kwa kuwa alikuwa darajani na sheria ni sheria.

"Saba."

"Saba nini, baba?"

"Ningu. Saba tangu asubuhi. Nilitaka kungoja kumi ndiyo napiga, lakini kifua yangu imekataa kungoja."

Binamu aliweka birika chini, nusu juu ya meza na nusu juu ya kitabu changu. Aliinua mikono yake na kukunja vidole saba. Simu ilikwaruza, na mama muuza malwa akaingia, yeye ambaye sheria ya kunong'ona haikuwahi kumhusu.

"Profesa yuko hapo? Mwambie nguruwe wake watakufa njaa! Machicha yamejaa mapipa mawili hapa kwangu, hayana mtu. Tangu avunjike mguu hakuna aliyekuja kuyachukua."

Binamu alinitazama. Nami nilimtazama. Hakuna aliyemwaga kitu, basi. Mapipa mawili yako pale, yamejaa, na ningu wanapanda mto kama walivyokuwa wakipanda kabla sijazaliwa, bila mwaliko na bila makala yangu. Nilihisi faraja kubwa hata machozi yakanitoka, na ndani ya faraja ile, kama mwiba wa ningu wenyewe, kitu kidogo kilinichoma. Hawakuwa wamenihitaji. Labda hata miaka ile miwili hawakunihitaji.

"Rudisha simu kwa mzee," binamu akasema.

"Mzee anavuta," mama akajibu, na kwa mara ya pili maishani mwake akanyamaza.

Tulisikiliza. Mto una sauti kwenye simu, kama mtu anayepepeta mchele mbali. Vizibo vikalia, karibu sana, lazima alikuwa ameweka simu juu ya ukingo. Miguu ya mjomba ikapita kulia, ikapita kushoto. Kishindo kilaini juu ya zege.

"Nane," mjomba akasema.

Binamu akakunja kidole. Nikasikia vizibo vya nguzo nyingine, na vingine, mpaka ilikuwa kama kuna mtu anatikisa sanduku la soda, na watu wanapumua wote kwa pamoja bila kusema neno.

"Tisa. Hii iko ya nguzo ya tisa, mpwa," akaniambia. "Nimeweka uzi yako. Ni vibaya ikae tupu."

Binamu alikuwa amebakiwa na kidole gumba kimoja kimesimama, anakitazama. Alijua, kama mimi nilivyojua, ni nini kitakachokunjwa nacho: kitanda kilichokatwa miguu, mashuka yaliyopigwa pasi, kiti cha dirishani. Angeweza kukata simu. Vizibo vikalia. Kishindo.

"Kumi," mjomba akanong'ona. "Mwanangu, unasikia? Kumi."

"Nasikia, baba," akasema, na gumba likashuka. "Umeshinda. Utavaa sweta?"

"Nimevaa mbili."

"Na fimbo?"

"Iko hapa. Ngoja, usikate. Ngoja kidogo."

Binamu alikaa na ngumi zake mbili mapajani, vidole vyote vimekwisha. Vizibo vikalia tena, kwa nguvu kuliko vyote, na uzi ukasikika ukikwangua zege. Mjomba akacheka, mzee mzima, pumzi imemwishia.

"Kumi na moja!"

Bila kuniangalia, binamu akanyoosha mkono, akashika kidole changu cha shahada na kukikunja, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.